Mzizi wa Mzee Anaclet na Maneno Niliyoyaosha

Kwa wiki nzima sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya jibu moja la mzee mmoja. Alilitoa kizimbani, kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angekielewa. Mimi, niliyekuwa nimeapa kulifikisha kwa Kiingereza, nililiacha njiani nikampa hakimu jibu jingine ambalo niliona litamfaa mzee zaidi. Usiku kucha nilijiuliza swali lile lile: nikikiri, nitamwokoa au nitamzamisha kabisa?

Ninyi mnaoanza ukalimani wa mahakamani hapa Durban mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Mmoja wenu ameniita mstaafu, nami nikacheka peke yangu jikoni. Nina miaka ishirini na saba. Lakini nilianza nikiwa na kumi na tisa, nikiwatafsiria watu kliniki na kwenye ofisi za karatasi za ukimbizi, kisha mahakamani, na mwezi ujao ninaingia shuleni kufundisha Kifaransa, kwa hiyo kazi hii nimeiacha kweli. Mama yangu, anayesuka nywele saluni, aliposikia neno kustaafu alisimama na kitana mkononi. "Umestaafu? Basi pension iko wapi, tugawane?"

Ninaondoka nikiwa nimeridhika. Nasema hivyo mapema kwa sababu ninajijua: ninawaza sana, na mtu anayewaza sana akiandika, msomaji huanza kumhurumia bure.

Nianze na mambo madogo, maana ndiyo yatakayowalisha.

Simama ubavuni mwa shahidi, hatua moja nyuma, mahali unapouona mdomo wake. Ukikaa mbele yake atazungumza na wewe, na hakimu atajisikia mgeni kwenye mahakama yake mwenyewe. Kabla hamjaanza, mwambie: nikiinua kiganja, nyamaza kidogo. Siku moja nilisahau, mama mmoja Mrundi akaenda dakika kumi bila kuvuta pumzi, na alipomaliza nilichokuwa nacho kichwani ni jina la mtaa tu. Tarakimu ziandike. Majina ya watu na mitaa yaandike. Machozi usiyaandike, hayo hayasahauliki.

Usipokee soda ya shahidi, wala lifti, wala mahindi ya kuchoma. Mzee nitakayewasimulia hapa ni fundi viatu Isipingo, jirani na stendi ya teksi, na faili lake limepanda mahakama ya juu, bado halijaamuliwa. Mpaka liamuliwe, sitampelekea hata soli. Nikipita pale na kiatu kilichofunua mdomo ananiita, "Binti, hiki kiatu kinaomba chakula!" Namjibu kitakula baadaye, natembea.

Na matusi yafikisheni. Mwaka wangu wa kwanza kijana mmoja wa duka la simu alimwita askari "mbuzi asiye na kamba." Nilimwambia hakimu kwamba shahidi hakuridhishwa na mwenendo wa afisa. Watu watatu waliojua Kiswahili kwenye benchi la nyuma walicheka mpaka wakatolewa nje. Mchana ule Bi Zubeda alinikamata koridoni.

Bi Zubeda alikuwa mkalimani wa Kizulu na Kiingereza, mwenye miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi, kiatu cha raba na mkoba uliojaa sambusa. Ni wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Mababu zake walichukuliwa kwenye meli za watumwa, wakaachwa huru hapa, wakawekwa mtaa wa Bluff, wakabaki na dini yao na vipande vya lugha. Kiswahili alikuwa na maneno kama ishirini, mengi ya sala. Tulizungumza Kiingereza, na alinifundisha kazi kwa kunidhihaki.

"Yule kijana alisema mbuzi?" aliniuliza.

"Alisema, Bi Zubeda."

"Na wewe mbuzi ulimpeleka wapi? Ulimchinja?"

Nikaanza kueleza kwamba hakimu angeudhika, kwamba kijana angeonekana mhuni, kwamba pengine neno mbuzi kwa Kiingereza halina uzito ule ule. Alinisikiliza huku akitafuna. "Eish, mtoto. Ukiendelea kuwaza hivyo, siku moja utamjibia shahidi, halafu utamhukumu, halafu utamlipia faini. Tupe sisi mbuzi wetu."

Nilicheka naye, lakini sikuelewa. Kwa sababu kule nilikotoka kabla ya mahakama, kuficha mbuzi ndiko kulikuwa utu.

Kuna kitu nataka mkielewe hapa, na najua wengi wenu mmepita njia hiyo hiyo. Kwenye foleni za karatasi, sisi tuliojua Kiingereza tulikuwa na tabia tuliyoiita kuosha. Mama kutoka Fizi, Kongo, anaulizwa alikimbia mwezi gani. Anajibu hakumbuki, mvua zilikuwa nyingi. Wewe unajua afisa huyu hapendi "sikumbuki," basi unamwambia mwezi wa tatu. Baba anaeleza mambo kwa kuzunguka, unayanyoosha. Msichana anasema kitu cha aibu, unakivalisha nguo. Kesho yake unaletewa sombe, yaani kisamvu, na samaki, na kanisani watu wanakushika mkono wakisema Mungu akubariki. Hakuna aliyeona kwamba ni uongo. Tulikuwa tunasaidiana, ugenini ndivyo watu wanavyoishi. Mimi nilikuwa mwoshaji mzuri. Kuwaza sana kulinisaidia: niliona mbele ni neno lipi litamletea mtu matatizo, nikaliondoa kabla halijafika.

Sasa Mzee Anaclet.

Ni mtu wa Uvira, mashariki ya Kongo, kwao na kwa baba yangu si mbali. Ujanani alikwenda Gabon kukata mbao, akakaa miaka kumi na tano, akaoa huko. Wakwe zake walikuwa na dini ya kwao ambayo ibada yake kubwa ni kula gome la mzizi uitwao iboga. Ni mchungu, unatapisha, na anayekula vya kutosha hulala akiona mambo: marehemu wake, makosa yake, mara nyingine Mungu. Waliingizwa kwenye dini hiyo pamoja, yeye na mke wake. Mke alifariki, mzee akarudi kwao, vita vikamfukuza tena, akafika Durban. Alikuwa amepanga chumba cha nyuma mtaa wa Jacobs, hapa Durban. Mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki mke wake, alifunga mlango, akala kidogo, akasali hadi kesho yake.

Polisi walikuja kwenye ile nyumba kutafuta baiskeli zilizoibiwa na mpangaji mwingine. Baiskeli hawakuzipata. Walipata kopo la maziwa ya unga lenye magome yaliyokatwakatwa. Maabara ilisema kilichomo kiko kwenye orodha ya vitu ambavyo huruhusiwi kuwa navyo bila kibali cha daktari. Akashtakiwa.

Kwa mtu mwenye pasipoti yake hilo ni tatizo. Kwa mtu mwenye karatasi ya ukimbizi inayoongezwa muda kila mara, kosa la dawa za kulevya linaweza kuwa mwisho wa kukaa hapa. Zaidi ya hilo kulikuwa na jambo ambalo yeye alilitaja mara nyingi kuliko karatasi: je, ataruhusiwa tena kusali?

Wakili wake aliitwa Shireen, mwanamke mfupi, mwenye haraka, aliyepanga faili kwa rangi. Asubuhi ya kwanza alisimama akamweleza hakimu kesi yake ina miguu miwili. Wa kwanza ni dini: katiba inamlinda kila mtu katika dhamiri na imani yake, na haisemi imani ziwe zile ambazo polisi wamezizoea. Wa pili ni uhuru wa mtu mzima nyumbani kwake. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hii ilishasema mtu mzima akivuta bangi yake faraghani, serikali isiingie. Kwa nini basi iingie kwa mzee aliyejifungia na mzizi wake mara moja kwa mwaka, asimuuzie mtu, asimpe mtoto, asiendeshe gari?

Mwendesha mashtaka hakuwa mjinga, nawaambia, msiwahi kumdharau mtu wa upande ule. Alisema mzizi huo si bangi. Unaweza kusimamisha moyo, na watu wamekufa kwa kuula. Alisema kila anayekamatwa atakumbuka ghafla kwamba ana dini. Leo mzizi, kesho uyoga wa maono, keshokutwa atatokea mtu na kanisa la kila kitu kilichokatazwa. Nikiwa nimesimama pale nilikubaliana na wakili, halafu nikakubaliana na mwendesha mashtaka, halafu nikaanza kuumwa kichwa.

Kisha wakili alieleza kitu ambacho ni muhimu kwa kisa hiki. Hakimu yule hakuwa na uwezo wa kuifuta sheria. Kazi yetu pale, alisema, ni kuweka ushahidi kwenye kumbukumbu za kesi ili mahakama ya juu iusome na kuamua. Na kwenye kumbukumbu, ninyi mnajua au mtajua, kinachopigwa chapa ni Kiingereza. Kiingereza changu. Kiswahili cha mzee kitabaki kwenye mashine ya kurekodi, na hakuna jaji atakayekisikiliza.

Wakili akamuuliza mzee: "Kwa nini unakula mzizi huu?"

Mzee Anaclet alinyoosha mgongo. "Miye ninakula juu ya kusali," alisema. "Sili juu ya ugonjwa, sili juu ya furaha. Ninakula, ninatapika, tumbo inakuwa tupu kama ya mtoto. Halafu bibi yangu anakuya. Ananionesha mabaya yangu ya mwaka muzima, moja moja. Ninalia. Asubuhi ninashukuru Mungu na ninarudi ku kazi. Hiyo ndiyo kanisa yangu."

Ningewatafsiria nini hapo? Chukueni muda mfikirie kabla hamjanihukumu. Nilimwona hakimu, mtu wa makamo mwenye tai ya kanisa fulani. Nikafikiri: anatapika, anamwona marehemu, huyu atamwita mchawi au mlevi. Kwenye benchi la nyuma alikuwa mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuja kwa kesi nyingine, nikafikiri: nitasikika nikisema "mke wangu marehemu anakuja" mbele yake? Nikafikiri pia kwamba mgonjwa huhurumiwa. Yote hayo yalinipita kwa muda wa kumeza mate, na ulimi wangu ukaosha wenyewe.

Nikasema: "Ni dawa ya asili ya kwa wakwe zangu. Tangu mke wangu afariki nasumbuliwa na tumbo na huzuni, na inanisaidia."

Wakili aligeuka kunitazama, kisha akamtazama mzee. Aliuliza tena kwa namna nyingine: "Je, kuna jambo la imani ndani yake?" Mzee akajibu kwamba lote ni imani, hakuna kingine. Nikasema: "Ndiyo, ninaamini inaponya."

Mwendesha mashtaka hakuhitaji zaidi. Alitabasamu akaandika. Kama ni dawa, alisema baadaye, basi mlango wa dawa upo: aende kwa daktari, aombe kibali. Dini imetoka wapi? Hakimu akaahirisha hadi Jumanne iliyofuata.

Kilichonivunja kilikuwa koridoni. Wakili alikuwa mwekundu kwa hasira. Alikuwa amemwandaa mzee kwa Kifaransa, kupitia mtu aliyejitolea, na wakati ule mzee alisema sala tangu mwanzo hadi mwisho. Alinigeukia: "Muulize kwa nini amebadilisha maelezo yake."

Ikabidi nimuulize.

"Mzee, wakili anauliza kwa nini umebadilisha maneno."

"Kubadilisha?" Alishangaa kabisa. "Miye sikubadilisha kitu, binti. Si weye ulikuwa pale? Nilisema vile vile."

Wakili alisubiri, kalamu mkononi. "Anasemaje?"

Nikasema: "Anasema alipatwa na woga."

Huo ulikuwa uongo mwingine. Wa kizimbani ningeweza kuuita huruma. Kwa huu nilikuwa najiokoa mimi. Mzee alimwona wakili akitikisa kichwa kwa huzuni, akadhani anamsikitikia, akamshukuru.

Basi zikaja zile siku. Nilipasua karatasi katikati ya daftari nikaigawa: sababu za kusema, sababu za kunyamaza. Upande wa kunyamaza ulijaa kwanza. Nitaondolewa kwenye orodha ya wakalimani, na pango la nyumba tunalipa mimi na mama. Hakimu anaweza kusema mzee na mkalimani wamepanga. Labda dawa kweli ni hoja nzuri zaidi. Labda mzizi utamuua mwakani nami ndiye niliyepigania. Hili la mwisho bado linanigusa. Sijawahi kuonja mzizi ule wala sitauonja, na anayesema hauna hatari anadanganya. Upande wa kusema ulikuwa na mstari mmoja: hakusema hivyo.

Jumamosi nilikwenda saluni kumsaidia mama kufua taulo. Mama yangu ni mtu wa maombi. Mwaka uliotangulia alifunga siku saba bila chakula, siku ya sita akamwona baba yake aliyefariki Bujumbura, akampa ujumbe kwa ndugu zake wote. Kanisa zima lilimshangilia.

"Mama," nikamwambia, "zile siku saba, kama ungekufa?"

"Ningekufa nikisali. Kuko kifo nzuri kuliko hiyo?"

"Na kama serikali ingekukataza? Ingesema kufunga siku saba ni hatari kwa moyo?"

Aliweka taulo chini. "Serikali? Tumbo ni ya serikali?"

Mteja aliyekuwa akisukwa akapiga makofi. Mama alinitazama, akanielewa; habari za kesi zilikuwa zimeshafika kanisani. "We Neema! Usinilinganishe na ule muzee wa mizizi! Miye nilikuwa na Roho Mutakatifu!"

"Naye anasema ana Mungu, mama."

"Anasema, anasema. Weye unajua?"

"Sijui. Ndiyo maana nilitakiwa niache aseme."

Alirudi kwenye kichwa cha mteja akisuka kwa nguvu, hadi yule dada akalia, "Mama Neema, pole pole, mimi sikula mzizi."

Jumatatu nilimtafuta Bi Zubeda. Nilimkuta kwenye ngazi za mahakama akila sambusa, nikamwambia yote, na sikulificha la koridoni. Nilitegemea dhihaka. Hakunidhihaki.

"Unajua sisi tulihamishwa kutoka Bluff kwa nini?" aliniuliza. "Hatukutoshea kwenye fomu. Ofisa mmoja alituandika Waafrika. Mwingine akatuandika Waasia. Kila mmoja aliona anatusaidia, anatutafutia kisanduku chenye nafuu. Bibi yangu alikuwa anajua yeye ni nani tangu kuzaliwa. Hakuna aliyemuuliza, na aliyeuliza hakuandika jibu." Alipangusa vidole. "Halafu wakatubomolea nyumba, wakatupeleka Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Kwa nafuu yetu."

Nikasema nilitaka kumsaidia.

"Najua. Wewe si mwizi. Ila huyo mzee wa watu, sasa aliyemwandika ni wewe."

Nilimuuliza nitaondolewa kwenye orodha? Alisema inawezekana sana. Akanipa sambusa moja, akaenda kwenye kesi yake. Ilitokea kweli, nilifungiwa miezi mitatu, nikafua taulo za saluni hadi mikono ikabambuka. Nawaambia ili msidhani kusema kweli hakuna bei. Lakini mimi mwenye kuwaza mambo yote hadi chai inapoa, miezi ile mitatu nililala.

Nirudi Jumanne.

Nilivaa koti la mahojiano ya kazi. Mzee alikwishasimama kizimbani, ameshika kofia. Mwendesha mashtaka alikuwa na karatasi ya maswali, nikaona kwa mbali yamefika kumi na mawili, na nilijua yote ni ya dawa. Hakimu akaingia, tukasimama, tukakaa. Mimi sikukaa. Mkalimani anapotaka kusema la kwake hajiiti "mimi," kwa sababu mle ndani "mimi" ni ya shahidi. Nikainua mkono.

"Mheshimiwa, kabla shahidi hajaendelea, mkalimani anaomba kusahihisha kumbukumbu."

"Kuna kosa?"

"Lipo, Mheshimiwa. Si kosa la kusahau. Mkalimani alielewa jibu la shahidi akalibadilisha."

Kalamu ya wakili Shireen ilisimama. Hakimu alivua miwani akanitaka niseme lipi aliambiwa na lipi lilisemwa. Nikasema yote mawili, mstari kwa mstari, kutapika, mke marehemu, kanisa yangu. Nikaongeza la koridoni, kwamba mshtakiwa hakupatwa na woga wowote; aliyeogopa ni mkalimani.

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, maswali yangu yote yamejengwa juu ya jibu lile."

"Basi una muda wa chai kujenga mengine," hakimu alisema. Akanigeukia, na hakuwa akitabasamu. Alisema suala langu litapelekwa panapohusika, na sauti iliyorekodiwa itasikilizwa na mkalimani mwingine. Kwa leo, mwingine hayupo. Akaniagiza nimuulize mshtakiwa kama anakubali niendelee.

Hapo nikakumbuka kwamba katika mahakama nzima, mtu mmoja tu ndiye hakuwa ameelewa kilichotokea. Na wa kumweleza nilikuwa mimi.

Nilimweleza Mzee Anaclet kwa Kiswahili, pole pole. Kwamba wiki iliyopita alisema sala nami nikasema dawa. Kwamba wakili alikasirika kwa sababu yangu. Kwamba hakimu anauliza kama ananikubali.

Aliniuliza: "Ulikuwa unasikia haya juu yangu?"

"Ndiyo, mzee. Na uwoga."

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Nikafikisha: "Anauliza kama mkalimani alimwonea aibu. Mkalimani amejibu ndiyo, na kwamba aliogopa." Benchi la nyuma hakuna aliyecheka.

Mzee aliigeuza kofia mkononi. "Sasa umeisha kuogopa?"

"Bado, mzee."

"Ni sawa. Hata miye naogopa. Mwambie hakimu akuache uendelee."

Nilipofikisha hilo, hakimu aliniapisha upya. Wakili akarudia swali lake neno kwa neno: kwa nini unakula mzizi huu? Mzee akajibu, na safari hii alizungumza kirefu, akaingiza hata wimbo mfupi wa wakwe zake ambao niliomba ruhusa ya kueleza kwamba lugha yake siijui. Nilimpa hakimu kila kitu kama kilivyokuja, kibichi. Baada ya chai mwendesha mashtaka alikuja na swali jipya, na lilikuwa swali zuri. Je, mshtakiwa anajua kwamba mzizi huo unaweza kuusimamisha moyo wake?

"Ninajua," mzee alisema. "Bakwe zangu banajua, babu zao balijua. Ndiyo maana ninakula kidogo. Lakini hii moyo imepita mu vita, hakuna mutu aliniuliza kama ni hatari. Kama itasimama, isimame nikiwa kwangu, mulango umefungwa, ninaongea na Mungu. Nimeiba ya nani?"

Mama wa kanisani kwetu alikuwa amekuja tena, amekaa pale pale. Nilimwona akiniangalia. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma, kwamba ninajua, kwamba moyo wangu umepita katika vita, kwamba kama utasimama basi usimame nikiwa nyumbani kwangu, mlango umefungwa, nikizungumza na Mungu. Nikafika kwenye maneno ya mwisho. Mkono wangu wa zamani wa kuosha ulitaka kuyalainisha, kuyafanya ombi, kuyafanya samahani. Nikamtazama hakimu, nikaliacha swali likiwa swali: nimeiba cha nani?